Subira ya sekunde 16

Nimeisikiliza mara tano albamu mpya ya miksi ya hausi (house, muziki wa dansi wa klabu) iliyotolewa na DJ mmoja mkongwe wa hapa Lubumbashi, ambaye sisi tuliokua tukicheza mbele ya mashine zake huko Kamalondo tunamwita yaya, yaani kaka mkubwa, na bado sijaipata ile raha niliyoilipia dola 10. Jina lake siliandiki, kwa kuwa heshima niliyo nayo kwake haijapungua. Ninachokizungumzia ni kazi hii peke yake.

Albamu ina diski mbili, kila moja ikiwa na nyimbo 22 katika dakika zipatazo 70, na hesabu hiyo tayari inaonyesha kasoro kubwa. Wimbo wa hausi uliotengenezwa kwa ajili ya ma-DJ huwa na dakika sita, saba au zaidi, huanza kwa ngoma tupu na kuishia kwa ngoma tupu, ili mchanganyaji apate nafasi ya kuuingiza polepole juu ya ule unaotangulia. Yeye ametumia matoleo mafupi ya redio, ambayo mwimbaji huanza mara moja, kwa hiyo kila baada ya dakika tatu wimbo unakatwa na mwingine unasukumwa ndani. Mapigo yanalingana kabisa, kwa sababu kompyuta ndiyo iliyoyalinganisha, lakini kulinganisha mapigo ni mwanzo tu wa kazi. Katika wimbo wa nne wa diski ya kwanza besi mbili zinapiga pamoja na kugombana, kosa ambalo zamani alilizuia kwa kidole kimoja, akiipunguza besi ya wimbo unaotoka kabla ya kuifungulia ya ule unaoingia. Mbele kidogo mwimbaji anakatizwa katikati ya neno. Hausi hujengwa kwa mafungu ya mapigo 32, ambayo kwa kasi ya mapigo 120 kwa dakika ni sekunde 16 tu. Kuzisubiri sekunde hizo ndiyo adabu ya kwanza ya fani hii, na ni yeye aliyetufundisha.

Frankie Knuckles, DJ mmoja wa waasisi wa hausi, aliyeanza kupiga katika klabu ya Warehouse kule Chicago mwaka 1977, alikuwa akikata na kuunganisha kanda ili kurefusha nyimbo, mchezaji asitolewe dansini kabla hajashiba. Sisi wa nchi ya rumba tunalielewa jambo hilo bila kuelezwa: sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea, haiji mwanzoni, waimbaji hututuliza kwanza kwa maneno, ndipo gitaa litunyanyue. Albamu hii ni sebene tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, kasi ileile na sauti ileile, na mwili unachoka kabla haujachangamka. Juu ya hayo, sauti iliyorekodiwa inalitaja jina lake kila baada ya dakika mbili, hata pale kinanda kinapokuwa peke yake. Zamani hakuhitaji kujitaja, maana tulimtambua kwa namna alivyoingiza wimbo.

Nyimbo zenyewe si mbaya. Nyingi ni za Afrika Kusini, ambazo masikio ya mji huu yamezizoea tangu siku nyingi. Na kuna mahali pamoja, kati ya wimbo wa tisa na wa kumi wa diski ya pili, ambapo mkono wake unasikika tena: marimba inabaki ikielea peke yake, ngoma mpya inakuja chini yake taratibu kwa zaidi ya dakika moja, na besi inapofunguliwa mtu anasimama bila kujua amesimama saa ngapi. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi kuliko albamu yote.

Jumamosi iliyopita nilimkuta akipiga katika harusi moja huko Katuba. Wimbo mmoja aliuacha uende dakika tisa, macho yake yakiwa kwa wachezaji, na hata mashangazi waliokuwa wamevua viatu walirudi uwanjani. Kwa kanda ya usiku ule ningelipa dola 20.