Filamu za Kutisha za Kununua Mombasa, Kuanzia Ile Itakayokunyima Usingizi

Filamu za kutisha nimeanza kuzinunua tangu enzi za kanda za VHS, zikaja CD, zikaja DVD, na sasa najaziwa kwenye flashi. Pesa nilizozitupa kwa filamu zisizotisha zingeninunulia wufa mpya. Kosa langu miaka yote lilikuwa moja: nilichagua kwa jalada. Fuvu, shoka, damu inachuruzika, nami natoa noti. Tukifika nyumbani tunacheka. Binamu zangu wamekulia Majengo, kila Idi wanaona mbuzi wakichinjwa uani. Damu ya rangi iwashtue kwa lipi?

Kinachomtisha mtu wa hapa ni kingine. Sote tumesimuliwa yule mwanamke mrembo aliyepewa lifti usiku, dereva akatupa jicho chini akaona kwato. Hadithi hiyo haina damu hata tone, na bado nawajua watu wazima, wenye ndevu zao, ambao baada ya saa sita usiku hawampi lifti mwanamke wasiyemjua. Filamu nzuri hufanya kazi hiyo hiyo. Huchukua kitu cha nyumbani, mlango, kengele, mama mzazi, ikakipinda kidogo tu. Basi nimezipanga hizi kwa kipimo kimoja: ikisha kwisha, naweza kwenda msalani peke yangu bila kuwasha taa ya ukumbini?

Ya kwanza: Pengabdi Setan (2017)

Ni ya Indonesia, kazi ya Joko Anwar, na mitandaoni utaikuta pia kwa jina la Satan's Slaves. Kwao zaidi ya watu milioni 4 waliingia sinema kuitazama. Ni mwaka 1981. Mama wa nyumba, aliyekuwa mwimbaji, ameugua kitandani miaka, na akitaka kitu hupiga kengele. Anafariki. Baba anasafiri, watoto wanabaki na bibi yao wa kiti cha magurudumu. Kisha usiku kengele inalia.

Nimeiweka juu kwa sababu nyumba ile ni yetu. Kuna kisima ndani. Kuna ustadhi jirani. Kuna binti anayesimama juu ya mswala kuswali, na hapo hapo ndipo filamu inapokujia. Zile za Hollywood humaliza mambo kwa msalaba na maji ya padri, nami niliyefunzwa Ayatul Kursiyu tangu chuoni hujiambia kimoyomoyo kwamba hayo ni ya wenzangu, mimi nina kinga yangu. Hii haikuachii kichochoro hicho cha kukimbilia.

Niliipeleka kwa shangazi yangu, Mji wa Kale, tukaiwasha baada ya Isha, watu saba kwenye mkeka. Karibu na katikati, muuza kahawa akapita kichochoroni akigonga vikombe vyake kama afanyavyo kila usiku. Ting, ting, ting. Hakuna aliyecheka. Binamu yangu akanyosha mkono polepole akaizima sauti ya televisheni, na kengele ikaendelea. Shangazi akauliza, bila kugeuza shingo, "Hiyo ni ya ndani au ya nje?" Yule mzee wa kahawa mpaka leo hajui kwa nini usiku ule nyumba nzima haikumnunulia hata kikombe.

Tahadhari ya mnunuzi: kuna nyingine ya mwaka 1980 yenye jina lile lile, ndiyo hii mpya ilikotolewa. Kijana wa duka moja alinijazia hiyo ya zamani, nikagundua nyumbani kwa mitindo ya nywele. Taja mwaka. Na hakikisha maandishi ya chini yapo na ni ya lugha unayoisoma. Mara ya pili nilipewa yenye maandishi ya Kihispania, nikaitazama nusu saa kama bubu.

Ya pili: Under the Shadow (2016)

Mwongozaji ni Babak Anvari, lugha ni Kifarsi, na mahali ni Tehran katika vita vya Iran na Iraki. Shideh amenyimwa ruhusa ya kuendelea na masomo ya udaktari. Mumewe, daktari, anapelekwa vitani. Kombora linatua juu ya jengo lao bila kulipuka, majirani wanahama mmoja mmoja, yeye na mtoto wake wa kike wanabaki. Mdoli wa mtoto unapotea. Jirani anasema ni majini, na majini huja na upepo.

Hapo mtu wa pwani hahitaji kufafanuliwa. Kiswahili chenyewe kimelifunga jambo hilo: pepo na upepo ni watoto wa shina moja. Ni dakika 84 tu, na nusu ya kwanza hakuna cha kutisha ila vita, ving'ora na mkanda wa kubandika madirishani. Usiiache hapo. Ukiwa na mapazia mepesi kama yangu, itazame usiku wa kaskazi, dirisha wazi. Baadaye utaamka ulifunge.

Ya tatu: Hereditary (2018)

Wengi wangeipa nafasi ya kwanza, na sitagombana nao. Ari Aster aliifanya ikawa filamu yake ndefu ya kwanza. Bibi amefariki, bintiye ni msanii wa kutengeneza vijumba vidogo vya mfano, na mjukuu ana tabia ya kupiga kidoko. Kidoko hicho, ulimi kwenye kaakaa, ndicho kitu cha kuogofya kuliko mazimwi yote niliyowahi kuyaona kwenye skrini. Dada yangu alinipigia kidoko nyuma ya mlango wiki nzima, mpaka mama akaingilia kati. Kuna pia karamu ya vijana ambayo sitasema neno juu yake, na mezani Toni Collette, anayeigiza mama, anamfokea mwanawe kwa maneno ambayo mama hafai kuyatamka hata akiwa na pepo.

Imeshuka hadi ya tatu kwa mambo mawili. Inapita saa mbili na inakwenda polepole, kwa hiyo ukiita vijana watashika simu. Na robo saa ya mwisho inamwaga siri zake zote kwa haraka. Mimi hofu ilinipungua nilipoanza kuelewa.

Ya nne: The Exorcist (1973)

Miaka zaidi ya 50 na bado. Inaanza kwa adhana, kaskazini mwa Iraki, jambo linalowashangaza wengi kwa filamu ya mapadri. Ule mvuke unaotoka vinywani mwa waigizaji chumbani kwa mtoto ni wa kweli, maana William Friedkin alikigandisha chumba kama friza. Ilipata Oscar mbili, moja ni ya sauti, na sauti ndiyo unayoilipia hapa: itazame kwa wufa au hedifoni, si kwa spika za simu. Kwangu kinachotisha zaidi si kichwa kinachozunguka bali hospitali, zile sindano na mashine, na madaktari wasiojua mtoto ana nini. Zipo nakala mbili. Iliyotoka mwaka 2000 imeongezwa takriban dakika 10, ikiwemo mtoto kushuka ngazi mgongo chini kama buibui. Ukipewa hiari, anza na ya 1973.

Ya tano: Bhoot (2003)

Kwa nyumba ambazo wazee wanasikia Kihindi bila kusoma chochote chini. Ram Gopal Varma aliitengeneza bila wimbo hata mmoja, na kwa filamu ya Mumbai ya wakati ule kimya hicho peke yake kinatia wasiwasi. Unakaa unangoja watu wacheze, hawachezi. Mtu na mkewe wamehamia fleti. Ajay Devgan ndiye mume, lakini filamu ni ya Urmila Matondkar, macho yake tu yanatosha. Wanaokaa ghorofa zenye lifti, nimewaonya.

Ya sita: The Conjuring (2013)

Ya kundi. Watoto wa nyumba ya Rhode Island, mwaka 1971, wanacheza kibe, ila mtafutaji amefungwa macho na wenziwe humwita kwa makofi. Mengine utayaona. Damu ni kidogo mno, na bado Marekani waliipa alama ya R, ile ya kumzuia mtoto asiingie bila mkubwa. Ni ya watu wanaotaka kupiga ukelele pamoja kisha wakala viazi karai. Ikiisha, imeisha, ndiyo maana iko mkiani.

A Quiet Place ningeiweka kwenye orodha kama ningekuwa naishi shambani. Inataka kimya, na mtaani kwangu kimya hakiuzwi: tuktuk, jirani anasaga nazi, paka juu ya mabati. Misururu ya sehemu ya nne, ya tano na ya sita ya filamu moja iache dukani. Na usikubali filamu ya kutisha iliyotiwa maneno na DJ, wale wanaoisimulia juu ya picha. DJ Afro nampenda kwa mateke na risasi, lakini shetani akitambulishwa kwa mbwembwe zile, hata mtoto wa nasari humcheka.

Kuhusu pa kununua. Maduka ya kujaza flashi bado ni rahisi, bei ya filamu ni kama ya kikombe cha kahawa, ila ujue nakala nyingi pale si halali na ubora wake ni bahati nasibu. Filamu hizi nusu yake ni giza. Nakala iliyobanwa sana hugeuza giza kuwa vigae vya kijivu vinavyotetema, na jini aliyekusudiwa kuonekana nusu haonekani kabisa. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji asiifungue mwanzo. Aivute mpaka kwenye tukio la usiku, uone. Na kama flashi yako imepangiliwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kuhifadhi faili, haitapokea faili linalozidi GB 4, hata ikiwa na nafasi tele, basi msilaumiane.

Anayetaka njia halali na picha safi, akodishe au ajiunge mtandaoni. Asiye na kadi ya benki anaweza kutengeneza kadi ya M-Pesa GlobalPay kwenye simu yake. Zitafute kwa jina na mwaka, kwa sababu filamu huhamishwa kutoka huduma moja hadi nyingine. Watoto wakiwapo, alama ya 18 ya Bodi ya Uainishaji Filamu Kenya haikuwekwa kuwa pambo.

Halafu kuna sinema, Nyali. Ikija mpya unayoingoja, hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri, kwa kuwa giza la ukumbi hakuna flashi inayolijaza. Ila mimi nakaa Likoni. Mara ya mwisho nilitoka onyesho la usiku, nikafika feri karibu saa sita, abiria hatukuzidi thelathini. Akasimama karibu nami mama mmoja aliyevaa buibui, mrefu, kimya, ananukia udi. Nilikaa nikitazama taa za ng'ambo kwa heshima zote mpaka tukafika katikati ya maji, kisha nikashindwa, nikamtazama miguu. Viatu vya Bata, vyekundu. Akaniona nikitazama, akasema, "Umetoka sinema, eh?"