Bayocha ya mfuko: inanasa dawa vizuri mno, na shida inaanzia hapo

Wauzaji wa bayocha, yaani makaa ya mabaki ya mimea yanayochomwa kwa hewa haba ili yachanganywe na udongo, huisifu kwa mambo matatu: inatunza maji, inashika virutubisho, na inazuia viuatilifu kuteremka hadi kwenye maji ya ardhini. Hilo la tatu ni kweli, pengine kuliko muuzaji mwenyewe anavyojua. Ila bayocha haichagui. Ikiishika atrazini, dawa ya kuua magugu, isifike kisimani, imeishika pia isifike kwenye mzizi wa gugu.

Kwanza hesabu, maana sifa nyingi za bidhaa za namna hii hunywea zikiwekewa namba. Udongo wa hekta moja, kina cha sentimita 15, una uzito wa karibu tani 2,000. Chukua tani 20 za mboji iliyoiva: nusu ni maji, zinabaki tani 10 kavu, na ndani yake kaboni ni tani 2 au zaidi kidogo. Udongo uliokuwa na kaboni asilimia 1 unapanda hadi 1.1 tu. Dawa kama atrazini hushikwa kwa kadiri ya kaboni iliyomo. Kama maji ni robo ya ujazo wa udongo huo, kabla ya mboji takriban asilimia 16 ya atrazini inakuwa ndani ya maji na iliyobaki imeng'ang'ania udongo. Baada ya kumwaga mboji yote ile, 16 inakuwa 15. Kwa hiyo anayedai kwamba mboji ya msimu mmoja inalinda kisima anatia chumvi. Mboji inalipa ikirudiwa miaka kadhaa, na faida yake ya mapema ni vijidudu vya udongo (bakteria na kuvu) vinavyozila baadhi ya dawa, si kunasa.

Bayocha ni habari nyingine. Iliyochomwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi inaweza kuwa na uso wa mamia ya mita za mraba kwa gramu moja, na vitundu vyake huziingiza ndani molekuli za dawa. Kilo 1 kwa mita ya mraba, yaani tani 10 kwa hekta, ni nusu asilimia tu ya udongo, lakini inaweza kutosha kuzidhoofisha dawa za magugu zinazonyunyiziwa udongoni kabla ya magugu kuota, kama atrazini na diuroni. Dalili yake shambani haijifichi: magugu yanaota kwa mistari na mabaka, mazito pale bayocha ilipolundikana na haba ilipopita nyembamba. Wengi hapo huongeza dozi. Ni kosa, maana kipimo cha juu kilichoandikwa kwenye lebo hakibadiliki kwa sababu udongo umebadilika, na dawa iliyonaswa huchelewa kuoza kwa kuwa bakteria hawaifikii. Afadhali kuhamia dawa inayoingilia majani, au palizi.

Kwa shamba linalotegemea dawa ya kabla ya kuota, bayocha mbichi hatuipendekezi. Ichanganywe kwanza na mboji, sehemu 1 kwa 10 za ujazo, ilowe na ikae miezi miwili mitatu. Vitundu vitajaa vitu vya mboji na ukali wa kunasa utapungua. Kulowesha kunahitajika hata kwa asiyejali dawa: bayocha kavu hutoa vumbi la kuziba pua, na ikiwa imetoka tanuruni karibuni inaweza kupata moto yenyewe ndani ya lundo.

Kwenye mfuko tafuta joto la kuchomea, kiasi cha jivu, pH (kipimo cha asidi na alkali) na ukubwa wa chembe. Mfuko usiosema lolote kati ya hayo tunauhesabu kama makaa ya kawaida. Chukua chembe kidogo, sugua kiganjani, nawa kwa maji matupu. Ikibaki nta nyeusi inayodai sabuni, ina lami na haikuiva. pH nayo isipuuzwe: bayocha nyingi ni za alkali, na katika alkali malathioni huvunjika upesi. Ni heri kwa anayetaka mabaki ya dawa yaishe, si heri kwa anayetaka iendelee kuua wadudu.

Samadi mbichi tunaipa alama za chini kabisa. Inatoa kaboni inayoyeyuka, ambayo inaweza kuibeba dawa na kuishusha chini badala ya kuizuia. Samadi ya kuku ina fosfeti nyingi, na fosfeti hugombania na glaifosati, dawa nyingine ya magugu, nafasi zilezile za kushikwa kwenye madini ya chuma na alumini. Baya zaidi ni klopiralidi na aminopiralidi, dawa za magugu ya majani mapana: ng'ombe akila nyasi zilizonyunyiziwa, dawa hupita tumboni ikiwa nzima, hubaki kwenye samadi, na inaweza kuvumilia hata lundo la mboji. Kabla ya kumwaga, panda maharage kwenye vikopo vitatu vyenye samadi na udongo safi nusu kwa nusu, na vitatu vya udongo safi pekee. Subiri wiki tatu hadi nne. Majani machanga yakijikunja kama kikombe kwenye vile vya kwanza tu, samadi hiyo isikaribie nyanya, viazi wala jamii ya kunde.

Mahali ambapo kunasa ni faida tupu ni pale bomba la kunyunyizia dawa linapojazwa na kuoshwa. Uswidi walianza miaka ya 1990 kuchimba vitanda vya kuozeshea dawa: shimo la kina cha sentimita 60 hivi, tabaka la mfinyanzi chini, juu yake majani makavu ya nafaka sehemu 2, mboji au mboji-kinamasi (mimea iliyooza nusu kinamasini) sehemu 1, udongo sehemu 1, kisha nyasi zinazoota. Majani makavu hulisha kuvu wanaovunja dawa, mboji hushika dawa wakati kuvu wanafanya kazi. Maji ya mvua ya paani yasielekezwe humo, na kila mwaka kitanda kikishuka kijazwe tena mchanganyiko uleule, si majani peke yake.