Nyuzi za nailoni za gitaa: zipi ununue ukiwa Mbeya au Iringa

Mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, kijana mmoja ninayemfundisha alikuja kutoka Tukuyu na gitaa lake, akisema limekufa sauti. Nikalisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Uzi wa nne, ule wa D, ulikuwa umelika pale unapogusa freti ya pili, yaani kipande cha pili cha chuma kilicholala shingoni mwa gitaa. Waya wa nje umekatika, na vinyuzi vyeupe vya ndani vimechomoza kama pamba. Gitaa lenyewe lilikuwa zima kabisa, na mwenyewe alikwishaanza kuchanga hela ya kununua jingine.

Huo uzi wa D ndio wa kuufikiria kwanza unapoingia dukani. Nyuzi tatu za sauti ya juu, yaani E, B na G, ni nailoni tupu, na zinadumu muda mrefu. Besi tatu zimetengenezwa kwa vinyuzi vyembamba sana vya nailoni vilivyozungushiwa waya wa shaba uliopakwa fedha. Jasho na vumbi huingia kati ya mizunguko ya waya na sauti inafifia, huku freti zikiula waya taratibu. D ndiyo nyembamba kuliko besi zote, kwa hiyo huwa ya kwanza kukatika. Seti nzuri kwangu ni ile ambayo besi zake zinadumu, na ambayo nikiitafuta tena baada ya miezi minne nitaipata.

Kabla ya yote, hakikisha gitaa lako ni la nailoni. Shingo yake ni pana, kichwa kina nafasi mbili ndefu zilizotobolewa, na nyuzi zinafungwa kwa kifundo kwenye daraja, kile kibao kilichogundishwa juu ya tumbo la gitaa. Nasisitiza kwa sababu niliwahi kuuziwa nyuzi za chuma, muuzaji akaniambia uzi ni uzi tu. Baada ya wiki mbili daraja lilianza kubanduka, hata kipande cha karatasi kikawa kinapita chini yake. Seti ya nailoni inavuta gitaa kwa jumla ya kilo 40 hivi. Ya chuma, hata ile iliyoandikwa Light (nyepesi), inapita kilo 70, na ubao wa gitaa la nailoni haukuundwa kubeba uzito huo.

Nafasi ya kwanza naipa D'Addario EJ45. Ni seti ya mkazo wa kawaida, yaani mvuto wa nyuzi ni wa wastani, na unene wa kila uzi hauyumbi: wa kwanza una milimita 0.71, wa tatu 1.02. Unene ukiwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho wa uzi, ukipanda mpaka freti ya 12 noti inakaa mahali pake. Tena nyuzi zake huuzwa hata mmoja mmoja, kwa hiyo D ikikatika hulazimiki kununua seti nzima. Iko dada yake, EJ46, yenye mkazo mkubwa zaidi, na vijana wengi wa kwaya wanaikimbilia wakiamini italia kwa nguvu. Gitaa la bei ya kawaida halipati sauti kubwa kihivyo. Unachopata ni vidole kuuma, na asubuhi za Njombe au Makete mwezi wa saba, vidole vikiwa vimekufa ganzi, hata kubana F kunakuwa kazi.

Ya pili ni Augustine, pakiti nyekundu. Hawa ndio walioanzisha nyuzi za nailoni tunazopiga leo. Zamani gitaa lilifungwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, utumbo huo ukahitajika kushonea majeruhi, na wapigaji wakakosa nyuzi. Albert Augustine, fundi wa magitaa wa New York, akatumia nailoni ya kampuni ya DuPont, na Andrés Segovia, mpigaji mkubwa wa Hispania, akawa naye bega kwa bega. Hiyo ilikuwa miaka ya 1940. Rangi za pakiti zinaonyesha mkazo: nyeusi ni laini, nyekundu ya katikati, bluu ngumu zaidi. Besi zake zina sauti nene ya upole ninayoipenda sana kwenye nyimbo za taratibu. Ingekuwa rahisi kupatikana kama D'Addario, ningeiweka juu.

Ya tatu, Savarez Alliance kutoka Ufaransa, kwa mtu mwenye shida moja mahususi: uzi wa tatu usiolia. G ya nailoni ni nene, na kwenye magitaa mengi inatoa sauti butu, kama mtu anayeongea huku amefunika mdomo. Alliance wanatumia malighafi tunayoiita kaboni, ambayo ni nzito kuliko nailoni, kwa hiyo uzi unakuwa mwembamba kwa noti ileile na sauti inatoka safi. Kama unapiga kanisani bila spika, utasikika mpaka viti vya nyuma. Lakini gitaa ambalo tayari lina sauti kali litazidi kuwa kali mpaka likere, na bei yake iko juu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza haihitaji.

Ya nne ni zile seti za bei ya chini zinazopatikana kirahisi madukani. Sizidharau, mimi nimejifunzia hizo. Ila zipime mara tu unapozifunga: piga uzi mtupu, kisha freti ya 12. Noti ni ileile, ya pili iko juu kwa oktavu moja. Zisipolingana kwenye uzi mmoja tu, na ni wa nailoni tupu, ufungue uugeuze, upande wa daraja uende kichwani. Mara nyingine inatosha kabisa.

Zipo pia zenye kigololi mwishoni, kwa wasiojua kufunga kifundo. Zinafaa, lakini kifundo unajifunza ndani ya dakika kumi.

Na kama uko kijijini, uzi wa kwanza umekatika na ibada ni kesho? Mshipi wa kuvulia samaki wa nailoni, ule wanaouza Kyela kwa wavuvi wa Ziwa Nyasa, unafanya kazi. Tafuta wa milimita 0.7 kwa uzi wa kwanza, 0.8 kwa wa pili. Kwa besi hauwezi kusaidia.

Usibadilishe nyuzi Jumamosi jioni. Nailoni mpya inanyooka kwa siku tatu nne, na kila ukimaliza kutuni inashuka tena. Funga Jumatatu, upige kila siku, Jumapili itakuwa imetulia. Uzi wa kwanza uzungushe mara tatu kwenye kifundo cha daraja, kwa sababu ni mwembamba na unateleza. Ukichomoka kwa nguvu unachubua ubao.

Ukikosa madukani Mwanjelwa, Mbeya, au Miyomboni, Iringa, utaagiza Kariakoo, Dar es Salaam, ije na basi, na mpaka Mbeya safari hiyo ni zaidi ya kilomita 800, kwa hiyo kosa la kuagiza linakugharimu wiki. Kabla hujatuma hela, mwombe muuzaji apige picha ya pakiti mbele na nyuma akutumie kwa WhatsApp. Soma mwenyewe neno Nylon na neno Normal, yaani mkazo wa kawaida. Kisha mwambie aongeze D moja ya akiba.