Ekstensheni ya "Kila Plagi": Chaja Imeingia, Lakini Haishiki

Karibuni tena jamani. Leo nina hasira, nawaambia mapema. Hii hapa mezani ni ekstensheni ya njia nne, ile yenye matundu yanayopokea kila aina ya plagi. Waya mweupe, swichi kila njia, kitaa chekundu. Mnazijua, Kariakoo zimening'inia kila duka la vifaa vya umeme, kwa hiyo hapo tusikae.

Mimi nilifuata kitu kimoja tu: nimechoka kuchomeka chaja kwa kalamu. Soketi zetu za ukutani ni za matundu matatu, mtindo wa Uingereza wa tangu 1947. Chaja unayouziwa ina miguu miwili ya duara. Unasukuma, inagoma. Unatafuta kalamu, unaibonyeza tundu la juu, mkono wa pili unaingiza chaja. Kila nyumba ina kalamu isiyoandika tena, kazi yake imebaki hiyo. Mgeni anafika, hata maji hajanywa, anauliza, "Kalamu ya kuchajia iko wapi?" Na wote wanamwelewa!

Kalamu inafanya kazi kwa sababu kwenye plagi ya pini tatu mguu wa juu ni mrefu kuliko wenzake. Unatangulia, unasukuma kilango cha plastiki kilichoziba matundu mawili ya chini, yale ya umeme. Kiliwekwa mtoto asije akachomeka msumari. Nasi watu wazima tunakishinda kwa kalamu. Wanaotumia bisibisi, nawaomba muache leo hii. Fundi akikosea kuunga waya huko nyuma, hata tundu la juu linaweza kuwa na umeme.

Haya, tazameni. Sogeza kamera hapa. Chaja hii, naingiza... imeingia, bila kalamu. Dukani nilifurahi kweli, nikalipa. Sasa naigusa kwa kidole. Mnaona inavyoinama? Simu imeacha kuchaji. Naiinua, inachaji. Naiachia, imekata. Subiri, nyamazeni kidogo, sikieni: tsss. Hizo ni cheche humo ndani! Tundu limepanuliwa lipokee mguu wa duara, wa bapa, wa kulala, wa kusimama, basi vile vyuma vya ndani havimbani yeyote sawasawa. Palipolegea panapata joto. Ona hapa pembeni, plastiki imeshaanza kuwa kahawia. Nimeweka kiberiti chini ya chaja kuiegemeza, nikalala. Asubuhi natoka, simu ina asilimia nne. Inaudhi jamani, inaudhi sana.

Tujaribu njia ya pili. Vilevile. Ya tatu... hii inabana kidogo, sijui kwa nini yenyewe tu. Ya nne imelegea kuliko zote.

Kabla sijasahau, mlioomba video ya chupa za chai za kubonyeza, inakuja wiki ijayo. Na ahsanteni mliojiunga karibuni, nawaona.

Wenye vifaa vya mtumba kutoka Ujerumani, hili linawahusu zaidi. Plagi yake ina miguu miwili minene, na ethi yake, ile njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, iko pembeni, vile vibati viwili. Ukiichomeka hapa, tuseme ni ya mashine ya kufulia, inaingia na mashine inawaka. Lakini vile vibati havigusi kitu, kwa hiyo ethi hakuna. Waya wa ndani ukigusa bodi ya chuma, atakayepigwa shoti ni wewe unayefua nguo.

Halafu geuzeni chini, someni: 10A, yaani mwisho wake ni ampea 10. Kwa umeme wetu wa voti 230 hizo ni wati 2,300. Birika la umeme la wati 2,000 ukiliwasha pamoja na pasi ya 1,000, umeshapita. Nimefungua plagi yake, fyuzi niliyoikuta ni ya 13A! Yaani waya utaungua na fyuzi imetulia tu.

Nitende haki: waya wake naupenda. Ni mrefu, unafika kitandani bila kuvuta meza, na swichi za kila njia ni ngumu, zinalia vizuri. Kwa waya peke yake nisingelalamika. Ila kwa Sh 15,000 ningechukua ekstensheni ya kawaida ya pini tatu, yenye vilango, na kuongeza adapta za Sh 2,000, zile zinazobana miguu miwili. Adapta ninayo hapa, tazama, natikisa chaja, natikisa tena, simu inachaji tu.

Kwa hiyo hii nabaki nayo kwa taa ya kusomea na redio, kwenye njia ile ya tatu. Pasi na birika vinarudi ukutani. Nyinyi kalamu mmeacha au bado? Niandikieni hapo chini, na mwenye kujua duka linalouza ekstensheni zenye vilango ataje na bei.