Uzoefu wangu na kielekezi cha Ghajar cha kuingiza kateta kwenye ubongo

Hapa Mwanza, wengi wanaohitaji kateta (mrija mwembamba) ya kutoa maji ya ubongo kwa dharura hufika usiku: kijana wa bodaboda aliyepasuka kichwa, mama aliyevujiwa damu ndani ya ubongo na kuvushwa kwa kivuko kutoka Ukerewe. Saa kama hizo ndipo ninapokithamini kielekezi hiki. Ni chombo kidogo kinachokaa juu ya fuvu kama mafiga matatu, na katikati kina mrija wa kupitishia kateta. Jamshid Ghajar, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani, alikieleza mwaka 1985. Wazo lake ni kwamba ukitoboa kwenye nukta ya Kocher (sehemu ya kutobolea, mbele ya fuvu), mstari uliosimama nyuzi 90 juu ya mfupa huingia kwenye ventrikali, yaani chumba cha maji ndani ya ubongo, ya upande huohuo. Bila chombo, unalenga kona ya ndani ya jicho na usawa wa mbele ya sikio, alama ambazo zimefunikwa na vitambaa vya upasuaji.

Vipimo vya nukta hiyo lazima viwe sahihi kwanza. Kutoka shina la pua, kati ya macho, rudi nyuma sentimita 11, kisha toka pembeni mwa mstari wa kati sentimita 3, kwa kawaida upande wa kulia. Tundu liwe mbele ya mshono wa korona (mahali mfupa wa paji la uso unapoungana na mifupa ya juu ya fuvu) kwa sentimita 1 hivi. Ukikosea hapo, chombo kitakunyooshea njia ya kwenda pasipo.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni drili. Tundu la drili ya mkono ni jembamba. Likitobolewa kwa mshazari, ukuta wa mfupa unaisukuma kateta pembeni hata kama kielekezi kimesimama wima. Ukihisi kateta inakwaruza mfupa, toa kila kitu upanue tundu. Tatizo la pili ni utando mgumu wa ubongo. Usipotobolewa sawasawa, kateta huubonyeza na kuubandua kutoka kwenye mfupa, na damu hujikusanya pale. Vilevile miguu yote mitatu ikae juu ya mfupa mtupu. Kipande cha ngozi kikibanwa chini ya mguu mmoja, zile nyuzi 90 hazipo tena.

Weka alama ya sentimita 6 kwenye kateta kabla ya kuanza. Maji huonekana kwenye sentimita 4 au 5. Chomoa stileti (waya mgumu ulio ndani ya kateta), sogeza kateta taratibu hadi alama ifike usawa wa mfupa. Usivuke 7. Usiache maji yamwagike kwa kasi, hasa kama mshipa wa damu ulipasuka, maana shinikizo likishuka ghafla unaweza kuvuja tena. Ukikosa mara tatu, acha, umwite aliyekuzidi uzoefu.

Siwezi kukisifia kwa kila mgonjwa. Damu au uvimbe ukiwa umesukuma ubongo upande mmoja, ventrikali haipo tena mahali pake, na nyuzi 90 zitaikosa. Angalia CT skani kwanza. Mstari wa kati ukiwa umehama waziwazi, kiweke kando ukadirie pembe kutokana na picha. Kwa watoto wenye kichwa maji sioni faida yake: ventrikali zao ni kubwa, na fuvu limebadilika umbo. Hata utafiti uliochapishwa mwaka 2000, uliolinganisha chombo hiki na mkono mtupu, ulionyesha kuwa ncha ya kateta hukaa karibu zaidi na tundu la Monro, mlango wa maji kutoka kwenye ventrikali hiyo, ila mkono mtupu nao ulifaulu. Kwa hiyo naona kinamfaa zaidi daktari mchanga wa zamu kuliko bingwa aliyezoea.

Kuhusu usafi: unga wa mfupa na damu vikikauka ndani ya mrija havitoki kirahisi. Loweka mara tu upasuaji unapoisha, pitisha brashi nyembamba, ndipo upeleke kwenye mashine ya kuua vijidudu. Kikidondoka sakafuni, kisimamishe kwenye trei bapa: kikiyumba hata kidogo, mguu umepinda na hakifai kurudi kwenye kichwa cha mtu.