Usalama wa umeme: semina ya ukumbini au mafunzo pale pale saiti?

Waajiri wengi huchagua semina: siku moja ukumbini, picha ukutani, cheti mwishoni. Semina ina kazi yake. Ndipo mahali pazuri pa kueleza kwa nini mkondo wa miliampia 30 tu ukipita mwilini unaweza kukubana pumzi, na soketi ya kawaida Tanzania ina volti 230. Inafundisha wengi kwa mpigo, tena kwa gharama nafuu.

Lakini mkono haujifunzi kwa kutazama picha. Saiti, fundi mkuu anamsimamisha saidia fundi mbele ya bodi ya umeme: zima swichi kuu, piga kufuli, ufunguo uwe mfukoni mwako, tundika kibao cha onyo. Kisha jaribu tesita (kifaa cha kupima kama waya una umeme) kwenye waya unaojua una umeme, pima pale ulipozima, halafu rudi uijaribu tena. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka, na tesita iliyokufa katikati ya kazi itakuambia waya ni salama wakati si salama hata kidogo.

Hatari ya saiti ni mwalimu mwenyewe. Mzoefu anayegusa nyaya bila kuzima umeme huwarithisha vijana tabia hiyo hiyo. Hata hivyo, fedha ikitosha jambo moja tu, ningechagua saiti: dakika 15 kila asubuhi, chini ya fundi anayeheshimu kufuli, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania. Semina ifuate, ianze na wasimamizi, maana wao ndio wanaoharakisha kazi.