Chombo cha Kupikia Kahawa Kinachofaa Nyumba ya Dodoma

Kabla ya kuulizia bei, chungulia ndani ya birika lako la umeme. Huenda chini yake pameota ukoko mweupe wa chokaa, kwa sababu maji ya visima vya Makutupora yanayotumika mjini ni magumu, na ukoko huo ndio utakaoamua chombo kipi kitadumu. Aidha, Dodoma ipo takribani mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100, nawe unaweza kuyamimina kwenye kahawa bila kusubiri yapoe.

Nafasi ya kwanza naipa chujio la karatasi. Mwaka 1908 Melitta Bentz, mama wa nyumbani wa Dresden nchini Ujerumani, alichoshwa na machicha kikombeni, akatoboa chombo cha shaba kwa msumari na kutandika ndani yake karatasi ya kukaushia wino kutoka katika daftari la mwanawe. Kifaa hicho hakina vali wala mrija wa kuzibwa na chokaa, na uchachu mwororo wa kahawa aina ya arabika ya Kilimanjaro au Mbinga husikika waziwazi. Karatasi zikiadimika, kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila sabuni kinatosha.

La pili ni birika la kusukuma, ambalo Mwitaliano Attilio Calimani alilipatia hataza mwaka 1929. Kahawa hulowekwa dakika nne, kisha wavu hushindiliwa chini. Chagua la chuma cha pua, kwani kioo hakistahimili kuoshwa kwa haraka, na umwombe msagaji asage chengachenga; ile laini iliyozoeleka hupenya kwenye wavu na kukwama menoni.

La tatu ni birika la moka la Alfonso Bialetti, la mwaka 1933, ambamo shinikizo la mvuke husukuma maji kupitia kwenye kahawa hadi chumba cha juu. Kahawa aina ya robusta ya Kagera huiva humo ikawa nzito kwelikweli. Hata hivyo, vali yake ya usalama ikizibwa na chokaa ni hatari, kwa hiyo isafishe kwa siki mara kwa mara. Mpini wa langu uliyeyuka juu ya jiko la mkaa, kosa langu mwenyewe. Hilo ni birika la jiko la gesi.

Mashine ya espreso, yaani kahawa nzito inayokamuliwa kwa shinikizo, naiweka mwisho. Tangu Angelo Moriondo wa Turin alipopata hataza yake mwaka 1884, mashine hizi zimeboreshwa sana, lakini mirija yake myembamba haiyawezi maji yetu yasipolainishwa kwanza.

Dele la shaba sikulipanga humu: wageni wakiwa kumi na kashata ipo sahanini, hakuna chujio litakaloshindana nalo. Fedha itakayobaki inunulie kinu cha mkono, usage kahawa siku ileile ya kuinywa.